Kuku wa Elfu Sitini

Jumapili ya mavuno, mwezi wa Novemba, kanisa moja la kijijini kwenye uwanda wa juu wa Newala, kusini mwa Tanzania. Ibada imekwisha saa tano na nusu na watu wamehamia chini ya mwembe kwa ajili ya mnada wa sadaka. Mihogo imeuzwa. Nazi zimeuzwa. Debe la choroko limezunguka mara tatu na kurudi mezani. Kisha mwendesha mnada anainua kuku mmoja mwekundu, miguu imefungwa kwa ukindu, na kumtaja bibi aliyemleta.

"Elfu kumi! Nani anaongeza? Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri!"

Kumi na tano. Ishirini. Thelathini. Mwanamume mmoja wa safu ya mbele anasema sitini, na uwanja mzima unalipuka kwa vigelegele. Analipa taslimu, kisha anasema kuku arudishwe mezani auzwe tena. Anauzwa tena, elfu ishirini na tano. Bibi anapiga makofi pamoja na wengine.

Kila aliyekuwa chini ya mwembe ule alijua jambo ambalo halikutajwa. Februari, ghala la bibi lilipokuwa tupu, mwanamume huyo huyo alimpelekea debe 2 za mahindi. Kwa bei ya wakati ule zilikuwa 40,000. Makubaliano: msimu ukifika, alipwe korosho kilo 40. Msimu ulifika, na kilo 40, kwa bei inayomfikia mkulima mkononi baada ya makato yote, zilikuwa kama 100,000.

Toa arobaini kwenye laki. Inabaki sitini.

Nani amelipa?

Kwa wiki kadhaa hesabu hiyo imekataa kuniondoka. Wala si kwa sababu ya yule mwanamume peke yake. Kangomba, yaani kumkopesha mkulima wakati wa dhiki ili alipe kwa korosho za bei ya kutupa, tunaijua wote huku kusini, na wanaoifanya ni jirani zetu, shemeji zetu, wengine ni wazee wa kanisa. Kinachonisumbua ni kwamba sadaka iliyoshangiliwa kuliko zote siku ile ilikuwa imelipwa na mtu mwingine. Bibi alitoa kuku. Bibi huyo huyo akatoa na zile 60,000. Vigelegele vikaenda safu ya mbele.

Tumezoea kuipima sadaka kwa vipimo viwili. Kimoja ni kiasi. Cha pili, ambacho wahubiri wazuri hukikazia, ni moyo wa mtoaji. Kuna cha tatu tunachokiruka: gharama imemwangukia nani?

Soma tena 2 Samweli 24. Daudi anataka kujenga madhabahu kwenye kiwanja cha kupuria cha Arauna Myebusi. Arauna anampa bure: kiwanja, ng'ombe wa sadaka, hata vyombo vya kupuria na nira ziwe kuni. Daudi anakataa. Analipa shekeli 50 za fedha, akisema hatamtolea Mungu sadaka isiyomgharimu. Mahubiri mengi huishia hapo: toa kinachouma. Mimi naona uzito wa kisa uko kwa Arauna. Daudi alikuwa mfalme; angechukua tu na asingeulizwa. Moshi wa sadaka ungepanda vizuri kabisa, na Arauna angebaki hana kiwanja wala ng'ombe wa kulimia. Daudi hakutaka mzigo wa ibada yake utue kichwani kwa mtu mwingine.

Kina Arauna ni wengi majumbani mwetu.

Baba anawaalika wanakwaya 12 chakula cha mchana. Ni jambo jema, Warumi 12:13 inatuagiza kuwakaribisha wageni. Lakini kupika, kuosha vyombo na kuwanawisha watu 12 ni ndoo 5 au 6 za lita 20. Kwenye uwanda wa Makonde maji hupandishwa kwa pampu kutoka bonde la Mitema, na siku bomba likikauka ndoo hizo hununuliwa au hubebwa kichwani. Aliyealika hakubeba hata moja. Akiamka alfajiri akaleta mbili mwenyewe kwa baiskeli, hapo amekaribisha. Asipofanya hivyo, aliyekaribisha ni mkewe, na shukrani ya kwaya imepelekwa kwa mtu asiyehusika.

Hata historia ya kanisa letu tunaisimulia hivyo. Tunasema mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliileta Injili Masasi. Kweli, aliongoza msafara. Lakini waliobaki pale, wakafyeka pori na kujenga kijiji, walikuwa watu waliokombolewa utumwani, walioletwa kutoka Unguja kupitia Lindi. Kijiji kiliposhambuliwa mwaka 1882, waliouawa na kutekwa walikuwa ni wao. Jina la askofu linajulikana. Ya kwao mengi hayajulikani.

Mstari wa juu yake

Mjane wa senti mbili husomwa karibu kila harambee. Marko 12:41 hadi 44. Wengine walitia kilichowazidi, yeye akatia riziki yake yote. Tunasoma, tunafunga Biblia, tunapitisha kapu.

Mstari wa 40 hausomwi. Humo Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wanaokula nyumba za wajane huku wakisali sala ndefu kwa kujionyesha. Pumzi inayofuata, ameketi kuelekea sanduku la hazina, na anayetokea ni mjane. Luka ameyapanga vivyo hivyo, ila mgawanyo wa sura, uliowekwa karne nyingi baadaye, umekata katikati: 20:47 inafunga sura, 21:1 inafungua nyingine. Msomaji anapumzika hapo, na uhusiano unampita.

Mjane anaingia kwenye kisa akiwa tayari ameliwa.

Hapo nilikwama muda mrefu. Kama ndivyo, je, tumzuie bibi asilete kuku? Wako wachungaji ambao kwa huruma humrudishia maskini sadaka yake kimyakimya, nami nawaelewa. Lakini Yesu hakumzuia yule mjane, wala hakumrudishia. Alimwona, akawaita wanafunzi wamwone. Ukimwambia bibi "wewe usitoe, wewe ni wa kupewa", umemnyang'anya kitu ambacho hata mnunuzi wa kangomba hakukigusa. Kuku yule mwekundu ndiye sadaka pekee chini ya mwembe ambayo hakuna shaka ililipwa na nani. Bibi hana la kurekebisha. Marekebisho yako upande wetu sisi wengine.

Februari alikwenda nani?

Ni rahisi kumsema mtu wa safu ya mbele. Kaa na kisa kidogo, swali linageuka na kukutazama wewe.

Februari ile jumuiya ilikutana kama kawaida. Iliimba, iliwaombea wenye shida kwa ujumla wao, ikakusanya sadaka, ikafunga kwa Baba Yetu. Nyumba ya bibi iko hatua chache kutoka pale. Aliyekwenda kubisha hodi usiku na kushusha mahindi kwenye pikipiki alikuwa mtu wa kangomba. Masharti yake yalikuwa mabaya. Lakini alikwenda, na ni yeye tu aliyekwenda.

Tazama kalenda yetu. Chakula tunavuna kuanzia Mei hadi Julai. Korosho zinaanza kuingia ghalani Oktoba, malipo yanashuka kati ya Novemba na Januari. Shule inafunguliwa Januari na kubeba karibu kila kilichobaki. Mvua inanyesha, shamba linataka palizi, ghala liko sakafuni, mahindi mapya bado hayajabeba. Februari na Machi ndiyo miezi mirefu kuliko yote Mtwara na Lindi. Sikukuu ya mavuno, bahasha nono na minada iko Novemba.

Tunatoa tukiwa nacho. Wanahitaji tukiwa hatuna.

Katika nafasi iliyopo kati ya Novemba na Februari ndimo kangomba inakoishi. Naamini hivyo kwa dhati: sehemu kubwa ya biashara ile imejengwa juu ya miezi ambayo kanisa halikuwepo.

Debe 12

Kwa hiyo sadaka ya Februari haina budi kuanza Juni na Julai, mahindi yakiwa mengi na bei ikiwa chini.

Chukua jumuiya yenye nyumba 12. Kila nyumba ilete debe 1 la mahindi makavu. Debe 6 ni gunia, basi hayo ni magunia 2. Debe lina kama kilo 18. Bibi anayelea wajukuu wawili hutumia kama kilo 1 kwa siku, hivyo debe 4 zinamtosha siku 70 na zaidi kidogo, kutoka katikati ya Januari hadi mwishoni mwa Machi. Debe 12 zinabeba nyumba 3 za namna hiyo. Ambaye hakuvuna mahindi alete makopa, mihogo iliyokaushwa. Kwa upande wa Lindi, ambako fedha za ufuta hushuka katikati ya mwaka, nyumba inaweza kununua debe lake wakati huo huo.

Kinachoharibu mpango huu kwanza ni unyevu. Mahindi yanaonekana makavu kwa macho, yanawekwa, Septemba yanatoa joto na harufu ya ukungu. Pima hivi: chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi hadi robo yake, ongeza vijiko viwili au vitatu vya chumvi kavu, funika, tikisa kwa dakika chache, acha itulie robo saa. Chumvi ikigandia kwenye kioo, mahindi bado yana maji, yarudishwe juani. Chumvi ikianguka yote chini, yako tayari.

Cha pili ni dumuzi, mdudu anayetoboa nafaka. Mifuko ya kuhifadhia nafaka yenye matabaka matatu, miwili ya plastiki ndani na mmoja wa nje, humnyima hewa akafa, ila masharti yake ni magumu: kila mfuko wa ndani usokotwe mdomo na kufungwa peke yake kwa kamba, usifunguliwe ovyo, na usikae mahali penye panya. Tundu moja la panya linaharibu kazi yote. Uwekwe juu ya mbao, si sakafuni, wala usigusane na ukuta.

Cha tatu ni watu. Ghala liwe na kufuli mbili, funguo zishikwe na watu wa nyumba mbili tofauti, na daftari lisomwe kila mwezi mbele ya wote: zilizoingia, zilizopo.

Kosa lililo kubwa kuliko dumuzi huja mwaka wa pili, mtu mwerevu akishauri mahindi yakopeshwe ili mfuko ukue: chukua debe 1 Februari, rudisha moja na nusu Julai. Inasikika kama maendeleo. Ni kangomba iliyovaa kanzu. Kutoka 22:25 imekataza kumtwika maskini riba, na haikutoa ruhusa kwa mifuko ya jumuiya.

Nyumba 3 zipatikane vipi? Si kwa tangazo. Waulizeni kina mama wanaopanga foleni pamoja kwenye bomba. Wanajua ni wapi moshi wa jioni haukuonekana. Na wasiulize dini. Huku kwetu ukoo mmoja una kina Yohana na kina Saidi, na futari ya jirani tumeila miaka yote bila kuonyesha cheti cha ubatizo.

Mzigo upelekwe jioni, na mtu mmoja au wawili, bila picha ya kutuma kwenye kundi la WhatsApp.

"Hodi bibi. Shikamoo."

"Marahaba mwanangu, karibu ndani."

"Tumekuletea mzigo wako. Ulikuwa kwenye ghala la jumuiya."

Wako. Neno hilo lisiachwe. Mithali 3:27 inasema tusiwanyime watu mema yaliyo haki yao, na mstari unaofuata unakataza kumwambia jirani aende arudi kesho.

Alfajiri ya salfa

Mahindi yanaziba tundu la mwaka mmoja. Kinachomtoa bibi kwenye kangomba ni mikorosho yake mwenyewe, na hapa ndipo kujitoa kunapopata uzito ambao bahasha haiupati.

Ugonjwa wa ubwiriunga hauna huruma na mkorosho usiopuliziwa. Mashada yanachanua, yanafunikwa unga mweupe, maua yanakauka kabla ya kushika. Kinga iliyozoeleka ni salfa ya unga, kama gramu 250 kwa mti mkubwa kila mzunguko, ukianza mashada yanapochomoza na kurudia kila baada ya wiki mbili hadi tatu, mizunguko 5 kwa msimu. Bibi ana mikorosho 20. Piga hesabu: kilo 5 kwa mzunguko, kilo 25 kwa msimu. Mfuko 1. Alfajiri 5.

Mfuko mmoja na alfajiri tano ndivyo vilivyosimama kati ya bibi na mtu wa kangomba.

Miaka ya ruzuku, mara nyingi salfa yenyewe ipo. Kinachokosekana ni mashine, petroli, na mikono. Na pengine jina: daftari la wakulima bado lina jina la marehemu mumewe, mgao ukija bibi hasomwi. Kumsindikiza hadi ofisi ya kijiji akaandikishwe ni kazi ya siku nzima, wakati mwingine mbili, maana mwenye mhuri alisafiri. Siku hiyo ni sadaka. Haina kapu la kuiweka, lakini ni sadaka.

Sasa kupulizia. Kazi hufanywa kuanzia saa kumi na moja alfajiri hadi saa mbili hivi, umande ukiwa bado kwenye majani na hewa imetulia. Umande hushikisha unga. Upepo ukianza, salfa yako inapanda mikorosho ya jirani na macho yako mwenyewe. Simama upande upepo unakotoka, funga kitambaa kizito puani na mdomoni, vaa miwani. Salfa iliyoshika unyevu hufanya mabonge na kuziba bomba, ipepete kabla hujaimimina. Petroli ichanganywe na oili kwa kipimo cha mashine yako. Anayekisia huua mashine katikati ya msimu.

Umeona tatizo liko wapi?

Alfajiri tulivu ni chache, na mikorosho yako inazitaka hizo hizo. Desturi yetu ni kumaliza yetu kwanza, kisha, jua likishapanda na upepo umeanza, kwenda kumpulizia bibi kwa salfa iliyobaki chini ya tangi. Tunasema tumemsaidia. Unga kidogo umeshika, uliobaki umekwenda na upepo. Nabii Malaki aliwakuta makuhani wakitoa wanyama vipofu na vilema, akawauliza kama liwali wao angepokea zawadi ya namna hiyo. Salfa ya saa tatu asubuhi ni mnyama kilema.

Basi amueni mapema. Katika kila mzunguko alfajiri ya kwanza iwe ya bibi, ya pili na kuendelea iwe yako. Utapoteza kitu. Mvua ya ghafla ikinyesha siku yako, mzunguko wako umechelewa, na kuchelewa kunaonekana kwenye gunia mwezi wa Oktoba. Hiyo ndiyo gharama, na safari hii imeangukia mahali sahihi.

Ukimtuma kijana badala yako, mlipe siku hiyo hiyo. Kumbukumbu la Torati 24:15 inataka jua lisichwe kabla kibarua hajapata ujira wake. Msaada kwa mjane uliofanywa kwa jasho la kijana anayezungushwa wiki tatu umemtafuta Arauna mwingine.

Kabla ya bahasha

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi, maana mengi yameshasemwa na ninayaona yakirudiwa.

Malipo ya korosho yakiingia, usianze na fungu la kumi. Anza na watu waliokuwa waaminifu kwako nawe bado hujawa mwaminifu kwao: vibarua wa palizi, waokotaji, mwenye duka. Tuseme zimeingia 1,200,000 na unadaiwa 180,000. Hiyo 180,000 haikuwahi kuwa yako. Lipa, ibaki 1,020,000, na fungu lake la kumi ni 102,000. Wako watakaosema fungu hutolewa kwenye jumla yote; sibishani nao, ila hata wao walipe vibarua kwanza. Mathayo 5:23 na 24 inamrudisha mtu kutoka madhabahuni akapatane na ndugu yake, sadaka ikimsubiri.

Kisha kaa na mwenzako. Mume anayetangaza ahadi ya 300,000 kanisani, mke akaisikia kwa mara ya kwanza pamoja na waumini wote, ametoa ada ya mtoto bila kuuliza. Ahadi nyingi zisizolipwa zilizaliwa namna hiyo: kipaza sauti, majina yanasomwa kwa kiasi, mtu anaona haya. Paulo aliandika kwamba mtu atoe si kwa huzuni wala kwa lazima, na 2 Wakorintho 8:12 inasema kitu hukubaliwa kwa kadiri ya alivyo navyo mtu, si kwa kadiri ya asivyo navyo. Mistari hiyo ingesomwa kabla ya kila harambee, tungekuwa na ahadi ndogo na paa zilizokamilika.

Usikope kutoa. Wako wanaochukua kausha damu, mkopo wa riba kubwa, Ijumaa ili Jumapili wasimame mbele, tena wakiwa wameaminishwa kwamba ni mbegu na itarudi mara mia. Jumatatu mtu wa marejesho anabisha hodi. Anayelipa ni watoto, kwa sahani.

Na mama mzazi asisahauliwe. Yesu aliwakemea waliosema mali yao ni korbani, yaani wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie wazazi. Anayejenga jina kwenye kamati ya ujenzi mjini Mtwara huku mama yake Nanyumbu analalia mkeka uliotoboka, Marko 7 inamhusu.

Kwaresima huja njaa ikiwa kijijini

Kwa karibu kila mwaka Kwaresima inaangukia Februari, Machi na Aprili. Wengi wa majirani wanafunga bila kupenda, sisi tunafunga kwa hiari. Isaya 58 haikuacha nafasi ya kutenganisha haya mawili: mfungo aliouchagua Mungu unampa mwenye njaa chakula.

Basi pimeni. Kutoka Jumatano ya Majivu hadi Ijumaa Kuu kuna Jumatano 7 na Ijumaa 7. Nyumba ya watu watano ikiacha mlo wa mchana siku hizo 14, na mlo mmoja ni kilo 1 ya unga, ni kilo 14. Ziwekwe kwenye ndoo kila siku ya mfungo, saa ile ile ambayo sufuria ingepanda jikoni, zisisubiri Pasaka. Kinachosubiri Pasaka huliwa kabla ya Matawi.

Watoto wasifungishwe, wala wajawazito, wanaonyonyesha, wagonjwa na wanaotumia dawa zinazotaka chakula. Na muwe macho na jambo moja: nyumba nyingi "zinafunga" kwa maana kwamba mama hali na baba anapikiwa. Swali ni lile lile.

Mtu wa safu ya mbele

Bado sijui nimweke wapi moyoni. Naona ubaya wa ile hesabu, naona pia pikipiki yake usiku wa Februari. Kanisa limepokea 60,000 na zimenunua mabati. Paa lile litatukinga mvua sote, bibi akiwemo. Makuhani wakuu walikataa kurudisha hazinani vipande vya fedha vya Yuda kwa kuwa ni thamani ya damu, wakawa waangalifu sana na fedha ile wakati damu yenyewe waliinunua wao. Sitaki uangalifu wa namna hiyo.

Ninachokitaka ni ziara ya nyumbani, mchungaji na mzee mmoja, kabla mvua hazijaanza, bila mkutano na bila kumtangaza. Wakae, wanywe chai, wamsomee Luka 19:8. Zakayo alisema mambo mawili tofauti: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa kila aliyemnyang'anya. Sadaka haikufuta deni. Alitaja vyote viwili kwa kinywa chake, amesimama mbele ya Bwana. Kisha wamuulize mtu huyu kama pikipiki yake ingeweza kubeba debe za jumuiya Februari ijayo, kwa kuwa njia za usiku anazijua kuliko sisi. Anaweza kukataa. Anaweza kukasirika na kuhama kanisa, na mabati yajayo yakakosa mnunuzi. Hilo nalo lina gharama, na jumuiya iwe tayari kuibeba kabla ya kubisha hodi.

Kuku yule mwekundu, kwenye mzunguko wa pili, alinunuliwa na mama mmoja wa kwaya kwa 25,000. Alimbana kwapani, akaondoka mapema kabla chakula hakijapakuliwa. Jioni kuku alikuwa uani kwa bibi anachakura, ukindu bado unaning'inia mguu mmoja.

Bibi alimwita kwa mtama, akamfungua.

"Nani kamleta?" aliwauliza wajukuu.

Hawakumwona.